Nakala iliyosimbwa si nakala yenye paswedi

Kuanzia steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, hadi mabweni ya vyuo vya Iringa nasikia kauli ileile: "Bakapu yangu iko salama, nimeiwekea paswedi." Anaisema mwanafunzi anayemalizia tasnifu, anaisema katibu wa SACCOS, na siku hizi naisikia hata kwa mafundi ambao watu huwategemea kwa ushauri. Ukiuliza paswedi hiyo imewekwa wapi, mara nyingi unakuta ni ile ya kuwashia laptopu.

Maana yenyewe ni fupi. Bakapu, au nakala rudufu, ni nakala ya faili zako iliyokaa mahali pengine, unayoweza kuirudisha zile za mwanzo zikipotea. Kusimba ni kuyageuza yaliyomo kwa hesabu maalumu hadi yasisomeke bila ufunguo. Yakikutana hayo mawili unapata nakala iliyosimbwa. Kuna programu ndogo za kuifanya kazi hiyo, mojawapo ni restic: ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na huendeshwa kwa kuandika amri badala ya kubofya. `restic init` huanzisha hifadhi kwenye diski ya nje, `restic backup` huingiza folda uliyoitaja, `restic restore` huirudisha. Mtu anayeweza kuandika barua kwenye kompyuta anaweza kuzizoea.

Linalosumbua ni paswedi, kwa sababu zipo za aina mbili na kazi zake hazifanani hata kidogo.

Paswedi ya kuingilia Windows ni mlinzi wa getini. Humhoji anayepita getini tu. Fundi akifungua skrubu, akaitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB, geti halipo tena, na picha, vyeti na orodha za malipo zote zinasomeka. Ndiyo maana ukisahau paswedi hiyo fundi anaweza kukuondolea, ukakuta kila kitu kiko palepale. Unafurahi, na ni haki yako, lakini faili hizo hazikuwa zimefungwa. Zipo laptopu za sasa zinazosimba diski nzima, na hizo kweli hazisomeki hata diski ikitolewa. Hata hivyo usimbaji huo unabaki kwenye diski hiyohiyo. Ukinakili faili kwenda kwenye flashi ya kawaida, zinatua kwenye flashi zikiwa wazi. Sasa fikiria nakala hiyo, ambayo ndiyo uliyoiita bakapu, ikidondoka kwenye basi kati ya Makambako na Mbeya.

Wengine huzibana faili kuwa zipu yenye paswedi. Hapo angalau yaliyomo yamesimbwa, ingawa njia ya zamani ya zipu ni dhaifu. Lakini zipu ya kawaida huacha majina ya faili wazi. Asiyeweza kufungua "majibu_ya_vipimo" au "wadaiwa_sugu" ameshasoma ya kumtosha.

Kwenye restic paswedi haimlindi mtu getini. Inaingia ndani ya hesabu yenyewe. Hupitishwa kwenye scrypt, hesabu nzito iliyobuniwa na Colin Percival kwa ajili ya huduma yake ya bakapu iitwayo Tarsnap na kutangazwa mwaka 2009. Uzito huo ni wa makusudi: anayekisia paswedi moja baada ya nyingine hulipa muda na kumbukumbu ya kompyuta kwa kila jaribio. Kinachotoka hapo hufungua ufunguo mkuu, nao ufunguo mkuu husimba vipande vya faili pamoja na majina yake kwa AES ya biti 256, njia imara ya kusimba. Anayeokota diski hiyo ataona mafaili yenye majina marefu ya herufi na namba, atajua ukubwa wa hifadhi, na ataishia hapo.

Hakuna, basi, pa kwenda "kuomba irudishwe". Restic yenyewe hukuonya unapoanzisha hifadhi kwamba ukipoteza paswedi umepoteza data moja kwa moja. Fundi hodari kuliko wote wa Kabwe, hapa Mbeya, hana la kukusaidia, na watengenezaji wa programu pia hawana. Kwa kazi ya ofisi hili lina dawa ambayo wengi hawaijui: `restic key add` huongeza paswedi ya pili kwenye hifadhi ileile. Katibu awe na yake, mwenyekiti awe na yake, na mmoja akisahau mwingine anafungua. Naisisitiza kwa sababu AMCOS, yaani chama cha ushirika wa wakulima, ya kahawa kule Mbozi hutunza majina, simu na akaunti za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na paswedi ya laptopu haiilindi flashi iliyoko mfukoni.

Mawinguni, yaani kwenye hifadhi za mtandaoni, mambo hukaa katikati. Hifadhi kama Google Drive husimba faili kwenye seva zake, lakini kwa kawaida funguo zinashikwa na kampuni. Ukisahau paswedi wanakupa njia ya kurudi, na njia hiyo ipo kwa sababu usimbaji si wako. Unaweza kuitumia kama mahali pa kuwekea hifadhi ya restic, kwa sababu kinachopanda huko kinakuwa kimeshasimbwa kwenye mashine yako.

Kwa hiyo mtu akiniambia bakapu yake ina paswedi, namuuliza: ukiisahau, kuna anayeweza kukurudishia? Akisema yupo, basi alichonacho ni nakala, na ni jambo jema kuwa nayo, tuiite nakala. Akisema hakuna, hapo ndipo tunaposema imesimbwa, na namwomba paswedi hiyo aiandike pia kwenye karatasi, akaiweke nyumba tofauti na ilipo diski.