Je, wajua? Hozi ya breki iliyosukwa kwa chuma haiongezi nguvu ya breki hata chembe

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa ubishi, kwamba ukitoa hozi ya mpira, yaani mrija unaopitisha mafuta ya breki, kwenye pikipiki kuukuu na kuweka ile iliyosukwa kwa nyaya za chuma, breki inaongezeka nguvu. Sikuona cha kujadili: mpira laini, chuma kigumu, kigumu kinasukuma vizuri zaidi. Nikapeleka pikipiki yangu ya mwaka 1991, yenye diski moja mbele, nikamwambia fundi nataka breki yenye nguvu.

"Nguvu itoke wapi, kaka? Kwani hozi ina mota?"

Sikuwa na jibu, na nilipokaa kulitafuta kwa kalamu na karatasi ubishi ukaniishia. Tuseme vidole vinabana mkono wa breki kwa nguvu ya kilo 10. Mkono ule ni wenzo, unazidisha nguvu kama mara 5, kwa hiyo pistoni ya masta silinda, kile kipampu kidogo cha mafuta kilicho kwenye usukani, inasukumwa kwa kilo 50. Pistoni ya kipenyo cha milimita 14, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa diski moja, ina eneo la sentimita za mraba 1.54. Gawanya, unapata kilo 32 na ushee kwa kila sentimita ya mraba, yaani kama mara 15 ya upepo ulio ndani ya tairi. Mafuta ya breki yanalifikisha shinikizo hilo kwenye kalipa, lile koleo linalobana diski, bila kupungua, kwa kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17. Kalipa yenye pistoni 2 za milimita 27 ina eneo la sentimita za mraba 11.45. Zidisha: kilo 370 hivi zinazobana pedi kwenye diski.

Rudia hesabu hiyo uitafute hozi. Haimo. Ukitaka kilo 370 ziwe 450, badilisha pistoni, badilisha urefu wa mkono, au bana zaidi.

Sasa mbona kila aliyeweka hozi ya chuma anaapa kwamba breki imebadilika? Kwa sababu imebadilika kweli, ila kwa njia nyingine. Hozi ya mpira haiibi nguvu, inakula mwendo.

Chukua kisima. Ndoo ya kilo 20 ifunge kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu, ule wa kufungia mizigo kwenye keria. Vuta. Mikono inapanda, mpira unarefuka, ndoo imetulia majini kama haikuhusu. Unavuta tena, mpira unakonda, na ndipo ndoo inaanza kuachana na maji. Sasa badilisha, weka kamba ya katani. Mkono ukipanda shubiri, ndoo nayo inapanda shubiri. Lakini angalia uzito: ndoo ikishaning'inia, iwe kwa mpira au kwa katani, mikono imebeba kilo 20 zile zile. Katani haikukusaidia kubeba, imekuondolea tu ule mwendo wa bure wa mwanzo. Mtu aliyezoea mpira akishika katani siku ya kwanza ataapa kwamba amepata nguvu.

Kwenye breki, mwendo wa bure ni mafuta yanayokwenda kuijaza hozi inayovimba badala ya kwenda kusukuma pedi. Kiasi chenyewe ni kidogo hadi kinachekesha. Hozi ikivimba kwa sentimita za ujazo 0.3 tu (kijiko cha chai kinachukua 5), pistoni ya milimita 14 inalazimika kusogea karibu milimita 2 zaidi kufidia. Zidisha mara 5 za wenzo: milimita 10 kwenye ncha ya kidole. Ndiyo maana pikipiki za barabara za vumbi, ambazo shokapu zake ndefu za mbele hudai hozi ya karibu mita nzima, huelekea kuwa na mikono ya breki inayobonyea kama godoro. Wenye sheria nao wanalijua jambo hili. Kanuni ya Marekani iitwayo FMVSS 106 inairuhusu hozi ya kawaida yenye tundu la milimita 3 au pungufu kuvimba hadi sentimita za ujazo 0.66 kwa kila futi, kwa shinikizo la psi 1,000, yaani kama kilo 70 kwa kila sentimita ya mraba. Zile zinazouzwa kama za upanukaji mdogo zinaruhusiwa nusu yake, 0.33. Huo ni ukomo tu, hozi nzuri ya mpira inakaa chini yake.

Imani yangu ya zamani, hata hivyo, inastahili nusu alama. Rudi kisimani, chukulia kina paa la chini. Mpira ukirefuka sana, mikono itagonga paa kabla ndoo haijatoka majini, na hapo umeshindwa kabisa. Mkono wa breki unaogusa mpini wa usukani ndio paa lenyewe: ukifika hapo hakuna kilo itakayoongezeka hata ubane hadi machozi. Kwa pikipiki iliyofika hali hiyo, hozi ngumu inarudisha nguvu iliyokuwa imenyimwa nafasi. Pia vidole hubana vizuri zaidi mkono unapokuwa mbali kidogo na mpini kuliko unapokuwa umeubania kabisa. Habari za kusimama mita kadhaa mapema zichukue kwa tahadhari. Tairi ikishafikia ukomo wa kushika lami, hozi haina la kuongeza. Faida ninayoiamini ni ya kuhisi, kwamba unajua kidole kimefanya nini kabla tairi haijakuambia.

Kosa langu la pili lilikuwa la kuona haya zaidi. Nilidhani hozi ya zamani ni mpira mtupu. Tulipoitoa, niliikata kwa msumeno wa chuma. Katikati kuna tundu jembamba kama njiti ya kiberiti, kisha mpira, kisha nyuzi nyeupe zilizosukwa kama ukili, kisha mpira, kisha nyuzi tena, kisha mpira wa nje uliopasukapasuka. Kumbe zote mbili zimesukwa! Na ile "ya chuma" wala haipitishi mafuta kwenye chuma: ndani ina mrija wa teflon, plastiki iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938, na nyaya zimeuzunguka kwa nje. Tofauti kubwa ni uzi. Waya wa chuma ni mgumu kurefuka kuliko nyuzi za poliesta kwa zaidi ya mara 10.

Kuna jambo la ajabu kwenye msuko wenyewe, nami nimelipenda kupita kiasi. Ukikaanga soseji, hupasuka kwa urefu, si kwa kuzunguka. Sababu ni kwamba shinikizo ndani ya bomba huvuta ngozi yake kwa upana mara mbili ya linavyoivuta kwa urefu. Sasa shika kifumbu cha kukamulia tui: kivute, kinarefuka na kukonda, kisukume ncha kwa ncha, kinafupika na kunenepa. Msuko wa hozi hufanya vivyo hivyo. Nyuzi zikilala sana kufuata urefu wa bomba, shinikizo litalinenepesha. Zikizunguka sana kama pete, litalirefusha. Kati ya hapo kuna pembe moja, digrii 54.7 kutoka kwenye mhimili, ambapo mivuto miwili inasawazishwa na bomba halijui liende wapi, kwa hiyo linatulia. Wasukaji wa hozi huilenga pembe hiyo au jirani yake.

Hayo yote yanawahusu wenye diski ya haidroli, yaani inayosukumwa kwa mafuta, aina iliyoenea kwenye pikipiki baada ya Honda CB750 ya mwaka 1969. Bodaboda nyingi za kwetu zina breki za dramu mbele, zinavutwa kwa waya, hazina hozi ya kubadilisha.

Siku tulipofunga hozi mpya, na washa (vipete vya kuziba maungio) mpya za shaba, nilibana breki nikakuta imelegea kuliko ya zamani. Upepo. Kipovu cha hewa ndani ya mafuta ni laini kuliko mpira wowote, na ilituchukua sehemu kubwa ya mchana kuutoa wote, tukigongagonga kalipa kwa kishikio cha bisibisi ili vipovu vipande juu. Fundi alinionya mambo mawili: hozi hii ikikunjika kwa kona kali mrija wa ndani umekwisha hata kama nje inang'aa, na msuko usiovalishwa plastiki husaga rangi ya tangi kama tupa.

Kabla ya kazi nilikuwa nimepima kwa rula ya shule. Nikibana kwa nguvu, ncha ya mkono ilisafiri milimita 46. Baada ya kazi, 29. Nikamwonyesha fundi kwa kujigamba. Akanikumbusha kwamba siku hiyo hiyo tumeweka mafuta mapya, tumetoa upepo wa miaka, na tumeitupa hozi ya tangu 1991, wakati vitabu vya baadhi ya watengenezaji wa Japani vinataka ibadilishwe kila miaka 4. Anashikilia kwamba hozi mpya ya mpira ingenipa nyingi za milimita zile kwa bei ndogo zaidi. Kumjibu ingebidi ninunue na hiyo, tuifunge, tutoe upepo upya, tupime. Nimeulizia bei yake mara mbili.