Mwalimu aliachia Urais, kiti cha Chama hakukiachia

Kila ninaposahihisha mitihani ya sheria ya katiba nakutana na sentensi ileile: "Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alistaafu uongozi wa nchi." Nakata alama. Alichoachia mwaka huo ni Urais. Ali Hassan Mwinyi aliapishwa tarehe 5 Novemba 1985, Mwalimu akabaki Mwenyekiti wa CCM, akachaguliwa tena 1987, na hakutoka kwenye kiti hicho hadi Agosti 1990.

Ukiwaeleza hivyo wanakujibu, "Lakini huo si uenyekiti wa chama tu?" Hapo ndipo presha inaponipanda. Chama tu? Tangu marekebisho ya 1975, ukuu wa Chama ulikuwa ndani ya katiba yenyewe, na Katiba ya 1977 ikaubeba. Chama kushika hatamu ilikuwa sheria, haikuwa kaulimbiu ya kuimbia mwenge. Tazama mambo yalivyokwenda: mapendekezo ya kubadili katiba yalitoka Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama mwaka 1983, Bunge likaja kuyapitisha baadaye. Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alijiuzulu Januari 1984 kwenye kikao cha Halmashauri Kuu Dodoma. Si bungeni, si Baraza la Wawakilishi. Hata mgombea Urais aliteuliwa na Chama, kazi ya mpiga kura ikawa ndiyo au hapana.

Sasa pima mwenyewe. Serikali ya Mwinyi ilikubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1986 na biashara ikaanza kulegezwa, lakini masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yaliyowakataza viongozi kuwa na hisa au nyumba za kupangisha, hayakuguswa. Yalikuja kulegezwa kwenye kikao cha Chama kilichofanyika Zanzibar, Februari 1991, miezi michache baada ya Mwenyekiti kubadilika. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Ila anayeniambia madaraka yote yalihamia Ikulu 1985 anieleze kwa nini ilichukua muda wote huo.

Jingine: eti ukomo wa mihula miwili ya Rais uliletwa na vyama vingi. Hapana. Ni marekebisho ya tano, Sheria Na. 15 ya 1984, chini ya chama kimoja. Haki za binadamu nazo ziliingia katibani kwa sheria hiyohiyo, ingawa mahakama hazikuruhusiwa kuzitumia kubatilisha sheria hadi Machi 1988. Wanafunzi wangu, someni maandishi madogo yanayotaja sheria na mwaka kwenye kila ibara! Yote hayo yameandikwa pale, na hakuna anayeyasoma.

Kwamba wakati wa chama kimoja hapakuwa na uchaguzi? Ulikuwepo, wa wabunge. Wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba, na mawaziri walianguka tangu 1965.

Na kwamba wananchi wengi walidai vyama vingi: Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee. Ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 Sheria Na. 4 ikaifuta ibara ya 10, iliyohusu mamlaka ya Chama. Namba yake bado ipo katibani, chini yake pameandikwa tu kwamba imefutwa.