Kuka: maana ya jina

Kwa Kipunjabi, kuk ni ukelele. Kundi moja la Kalasinga lilikuwa likiimba nyimbo za dini hadi hisia ziwapande na sauti ziwatoke kwa nguvu, basi watu wakawaita Kuka, wapiga ukelele. Wenyewe hujiita Namdhari, yaani walioshika Jina, kwa kuwa jina la Mungu halipaswi kuwabanduka mdomoni. Hata Nairobi wapo: utawatambua kwa kilemba cheupe kilichofungwa bapa juu ya paji la uso.

Kiongozi wao, Baba Ram Singh, alizaliwa mwaka 1816 katika eneo la kijiji cha Bhaini, karibu na Ludhiana, Punjab, kaskazini mwa India. Ujanani alikuwa askari wa dola ya Kalasinga, ile ambayo Waingereza waliimeza mwaka 1849. Aprili 1857, siku ya sikukuu ya Baisakhi, alianzisha jumuiya yake hapo Bhaini. Wafuasi wavae nyeupe, waache pombe, wasiwaue watoto wa kike, na harusi zisiwe na mahari, ambayo kule huwaelemea wazazi wa bibi harusi.

Lakini jina Kuka limebeba zaidi ya ibada. Ram Singh hakuwapa watu bunduki, aliwafundisha kukataa. Nguo za Kiingereza wasivae. Kesi wasipeleke kwenye mahakama za serikali, watoto wasiwapeleke shule zake. Hata posta waliisusa, wakawa na matarishi wao wenyewe. Haya yalitangulia migomo ya Gandhi kwa nusu karne hivi, na kwangu hilo latosha kumpa Ram Singh nafasi ya juu kuliko anayopewa kwa kawaida.

Januari 1872 baadhi ya Wakuka, wakiwa na uchungu juu ya kuchinjwa kwa ng'ombe, walivamia miji ya Malaud na Malerkotla. Ram Singh alikuwa amejaribu kuwazuia. Tarehe 17 ofisa Mwingereza aitwaye Cowan, bila kesi yoyote, aliamuru mateka 49 wafungwe kwenye midomo ya mizinga na kulipuliwa. Kesho yake wakalipuliwa wengine 16. Cowan alifukuzwa kazi.

Ram Singh naye alihamishiwa Rangoon, Burma, bila kushtakiwa. Kumbukumbu za serikali zinasema alifia uhamishoni mwaka 1885. Wanamdhari wengi hawakubali. Wanasema yu hai na atarudi.