Je, wajua? Gari lililoegeshwa vibaya liliweza kukufikisha mahabusu Ferguson

Mwaka 2007, mwanamke mmoja wa Ferguson, mji mdogo katika jimbo la Missouri, Marekani, aliegesha gari vibaya mara moja tu. Akapigwa faini ya dola 151, na ada juu yake. Kufikia Desemba 2014 alikuwa amelipa dola 550, amelala mahabusu siku sita, na bado alidaiwa dola 541. Kisa hiki kimo katika ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Machi 2015, iliyotolewa baada ya askari wa mji huo kumuua kwa risasi kijana Michael Brown.

Kwamba ubaguzi dhidi ya Weusi ulikuwepo, ripoti ilionyesha wazi. Ila kuna swali jingine: nani aliwatuma askari hao kuwinda faini?

Tangu 1980, katiba ya Missouri hairuhusu mji kupandisha kodi bila wakazi kupiga kura. Faini haiombi kura ya mtu. Tena Kaunti ya St. Louis, ambamo Ferguson imo, imekatwa vipande vya miji 90 hivi, mingi ina polisi wake na mahakama yake, na yote hiyo ni mishahara. Basi Ferguson ikapanga bajeti kwa makosa ambayo hayajatendeka bado: kwa mwaka wa fedha 2015 ilitarajia dola milioni 3.09 za faini na ada, kati ya mapato ya milioni 13.26. Mwaka 2010 mkuu wa fedha alishamwandikia mkuu wa polisi kwamba askari wasipoandika faini nyingi zaidi, makusanyo hayatapanda.

Askari akawa mtoza ushuru mwenye bastola. Hata nyasi ndefu uani zilikuwa na bei yake. Mwenye nacho alilipa akasahau. Asiye nacho aliogopa kwenda mahakamani mikono mitupu, ikatoka hati ya kumkamata, na deni likazaa. Weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi, lakini asilimia 93 ya waliokamatwa.

Aprili 2016 wakazi waliulizwa kwa kura kuhusu kuongeza kodi mbili. Ya majengo haikufikisha kura zilizotakiwa. Iliyopita ni ya mauzo, ambayo hata asiye na nyumba huilipa kila anaponunua sabuni.