Maketi za roketi tulizounganisha Lubumbashi: tunavyozikumbuka na zilivyokuwa

Tukikutana Jumapili jioni Kamalondo, sisi tuliokuwa watoto hapa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hatukawii kufika kwenye habari ya maketi. Zile roketi na ndege za plastiki za kuunganisha ziliingia mjini moja moja, ndani ya masanduku ya wajomba waliotoka Ubelgiji, na boksi moja lilikuwa la mtaa mzima. Leo tumeota mvi na tunazisifu kwa maneno ambayo mengi si kweli. Kubishana kwa mdomo kumenichosha, basi nayaandika.

Dhana: 1/144 ni idadi ya vipande

Naanza na hii kwa sababu niliiamini mwenyewe. Boksi la Saturn V, roketi iliyopeleka Wamarekani mwezini, la kampuni ya Airfix lilipofika kwetu, yaya (ndugu yangu mkubwa) alimwaga vipande vyote juu ya mkeka akatuambia tuhesabu. Havikutimia. Kwa wiki nzima tuliamini kuna mtu aliyetuibia njiani.

Namba ile ya kwenye boksi ni kipimo: sentimita moja ya maketi ni sentimita 144 za roketi yenyewe. Saturn V ilikuwa na urefu wa mita 110.6, kwa hiyo ya mkekani kwetu ilisimama kama sentimita 77. Na kwa nini 144, si 100? Waingereza na Wamarekani walipima kwa futi, na futi moja ina inchi 12, basi inchi moja ya maketi ikasimama badala ya futi 12. Kwa 1/72 ni futi sita, kwa 1/48 ni nne. Ile Saturn V kubwa ya kampuni ya Revell ya mwaka 1969 ni ya 1/96, futi nane kwa inchi, na inafika mita 1.15 hivi, urefu wa mtoto anayeanza shule. Ila zamani zaidi, katika miaka ya 1950, makampuni mengi hayakujali kipimo chochote: chombo kilipunguzwa mpaka kiingie kwenye boksi la kawaida, basi.

(Tulibishana pia kama Saturn V yenyewe ingelipita kwa urefu bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Gécamines. Haingelipita.)

Dhana: "Kole ya zamani njo ilikuwa kole!"

Hili husemwa kila mara, na anayelisema hugonga meza. Kole ile, yaani gundi ya maketi, haikuwa na nguvu ya kubandika hata kidogo. Ipake kwenye mbao au chuma, ikishakauka inabanduka. Kazi yake ni kuyeyusha. Maketi hutengenezwa kwa polistireni, na kimiminika cha kwenye tyubu huilainisha polistireni. Ukikutanisha kingo mbili zilizolainika, plastiki ya huku inaingiana na ya kule, kimiminika kinapaa hewani, na vipande viwili vinabaki kitu kimoja. Fundi wa kuchomelea angekuelewa haraka kuliko seremala.

Ukishajua hilo, makosa yetu yote yanaelezeka. Alama ya kidole gumba iliyobaki milele ubavuni mwa hatua ya pili, yaani sehemu ya kati ya roketi: plastiki ilikuwa laini alipoishika mtu. Injini iliyonyongonyea kama mshumaa: kole ilizidi. Tyubu ilipokwisha tulijaribu kole ya fundi viatu wa soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Nayo ina kimumunyisho, ila imejaa mpira, na ikaacha uvimbe wa rangi ya kahawia ambao msasa haukuuweza.

Mnara mwembamba wa kuokolea wanaanga, ule wa juu kabisa, ulivunjika ukapotea kabla hata roketi haijakamilika. Yaya akasokota mwingine kwa waya wa shaba aliouchomoa kwenye mota mbovu. Kole ikaukataa, kwa kuwa shaba haiyeyuki kwa kole. Akaupasha waya kwenye makaa ya mbabula na kuuchomeka ndani ya plastiki ukiwa bado wa moto. Ukashika.

Jambo moja la kweli kuhusu kole ya zamani: mvuke wake ulikuwa mbaya. Nyingi zilikuwa na toluini, kimumunyisho chenye sumu, nasi tulikuwa tukifunga madirisha ili vumbi lisiingie. Kichwa kilichotuuma tukasingizia jua.

Dhana: maketi ilikuwa nakala kamili ya chombo chenyewe

Kabla ya plastiki kumiminwa, lazima kalibu ya chuma ichongwe, kazi ya miezi. Mwaka 1969 kila kampuni ilitaka boksi lake liwe dukani watu watakapotua mwezini kwa Apollo 11. Wachongaji hawakungoja Apollo 11 iruke, walichonga kwa picha zilizokuwepo, na nyingi zilikuwa picha za 500F.

500F ni Saturn V iliyotolewa hadharani kule Florida Mei 1966 kwa ajili ya kujaribia mitambo ya uwanja: je, mabomba yanafika, je, mnara unatosha. Haikuruka kamwe. Michoro yake ya rangi nyeusi haikuwa sawa na ya roketi zilizobeba watu, lakini ndiyo iliyoingia kwenye karatasi za maelekezo za maketi kadhaa. Kuna watu walioipaka Apollo 11 yao kwa uangalifu wa mshona nguo, wakapata sare ya roketi ambayo haikutoka ardhini.

Upande wa Warusi kulikuwa na giza zaidi. Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, aliruka tarehe 12 Aprili 1961, lakini roketi ya Vostok ilivyo haikuonyeshwa kwa watu wa nje hadi maonyesho ya ndege ya Paris mwaka 1967. Maketi yoyote ya Magharibi kabla ya hapo ilikuwa kubahatisha.

Halafu Enterprise, ile ndege ya angani iliyobebwa mgongoni mwa Boeing 747. Wengi wetu tuliiunganisha tukijua tumeshika chombo kilichozunguka dunia. Enterprise haikufika angani. Mwaka 1977 ilibebwa juu na kuachiwa ielee ishuke, kujaribu kutua tu. Iliyotangulia angani ni Columbia, tarehe 12 Aprili 1981, miaka ishirini kamili baada ya Gagarin.

Dhana: plastiki ya zamani haikuharibika

Polistireni ni ileile. Haiozi, ila jua linaichosha: inakuwa ya manjano, kisha inavunjika kama biskuti, na dirisha la Lubumbashi mwezi wa tisa halina huruma. Stika za kuloweka kwenye maji nazo huwa za manjano zikikaa boksini. Ajabu ni kwamba zenyewe hutibiwa na jua hilohilo: zibandike kwenye kioo cha dirisha siku kadhaa, weupe hurudi.

Dhana: boksi la zamani ni utajiri

Mara chache sana. Kalibu za chuma hutunzwa, na kampuni ikipenda inamimina tena. Mwaka 2019, Apollo 11 ilipotimiza miaka hamsini, Revell walirudisha ile kubwa ya 1/96 sokoni. Anayeitaka hahitaji boksi lako lililoliwa na mende.

Dhana: roketi zilikuwa mambo ya kwenye boksi, huku kwetu hazikufika

Hii huniudhi, maana wakubwa wetu walijua. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG ilikodi eneo kubwa ajabu kaskazini mwa uliokuwa mkoa wa Katanga, wakati ule ukiitwa Shaba, karibu na mto Luvua. Mwenyekiti wake alikuwa Kurt Debus, mtu yuleyule aliyeongoza Kennedy Space Center, kituo cha Marekani cha kurushia roketi, wakati Apollo 11 inaondoka. Roketi yao ilikuwa fungu la mabomba yanayofanana, likichoma mafuta pamoja na asidi ya naitriki, na vali zake zikifunguliwa na mota za waipa za gari. Waipa! Waliruka Mei 1977, wakaruka tena Mei 1978. Mara ya tatu, Juni 1978, Rais Mobutu mwenyewe akiwa anatazama, roketi iliharibika. Mwaka uliofuata wakaondoka.

Nilipomweleza yaya habari ya mota za waipa hakushangaa. Aliingia ndani akarudi na Saturn V yetu, au kilichobaki: hatua ya kwanza imepasuka, injini mbili hazipo, herufi za USA zimebanduka. Mnara wa waya wa shaba uko palepale alipouchomeka.