Ngozi Iliyolegea Baada ya Kupungua: Bima Inasoma Faili, Haioni Tumbo

"Si unaona mwenyewe?" Swali hilo nalisikia kuliko salamu. Mtu amepungua kilo 60, amehangaika miaka, sasa ameinua fulana na kuushika mkunjo wa tumbo kwa mikono miwili. Naona, ndiyo. Mimi ni muuguzi wa upasuaji rekebishi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandaa maombi ya idhini ya bima, kwa hiyo mikunjo nimeiona ya kila aina. Lakini mimi silipi. Anayeamua malipo ni mkaguzi wa madai ambaye hamtaonana kamwe. Mezani ana orodha ya masharti na faili lako, basi.

Ndiyo maana dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: kwamba ngozi ikiwa nyingi vya kutosha, inajieleza yenyewe.

Haijielezi. Mikataba mingi ya bima inaiweka ngozi iliyolegea kwenye fungu la urembo, jirani na kunyoosha uso na kuongeza matiti. Ili itoke humo inabidi ionekane kwamba mkunjo unaleta ugonjwa, na kwamba ugonjwa huo umetibiwa kwa njia za kawaida ukagoma. Wingi wa ngozi ni sharti mojawapo tu. Wanachoangalia kwa kawaida ni kama mkunjo, ukiwa umesimama wima, unafika kwenye mfupa wa kinena au unaupita. Wapasuaji wana madaraja 5: la 1 mkunjo unafika kwenye nywele za kinena, la 2 unafunika sehemu za siri, la 3 unafika sehemu ya juu ya mapaja, la 4 katikati ya paja, la 5 magotini au chini zaidi. Watu wakisikia madaraja hayo hufikiri ni kama mtihani, kwamba mwenye la 4 amefaulu kumshinda mwenye la 2. Mwenye la 2 aliyetibiwa upele miezi sita, na kila ziara ikaandikwa, ana ombi lenye nguvu kuliko mwenye la 4 ambaye faili lake halina kitu.

Na mafaili mengi hayana kitu. Mtu anayeishi na mkunjo huwa bingwa wa kujitibu. Anajua poda ipi inakausha na ipi inageuka tope. Anaweka kitambaa cha pamba kati ya ngozi na ngozi, anajikausha kwa mashine ya nywele iliyowekwa hewa baridi, na krimu ya fangasi anainunua mwenyewe duka la dawa bila kuuliza mtu. Upele ukichachamaa anaona haya kwenda kliniki kwa sababu ya harufu. Ukitulia anaona hakuna haja ya kwenda. Miaka inapita. Siku anapokuja kwangu nafungua faili lake nakuta presha, nakuta mafua, nakuta uzito uliopimwa kila mara kwa uaminifu mkubwa. Neno upele halimo hata mara moja. Kwa macho ya bima, mtu huyu hajawahi kuugua ngozi maishani mwake.

Hapo ndipo huwa napandisha sauti kidogo, na siombi radhi. Uvumilivu wako hauna kisanduku kwenye fomu.

Kampuni nyingi zinataka ushahidi wa miezi 3 ya matibabu chini ya usimamizi wa daktari, nyingine miezi 6. Iwe mfululizo, ziara moja ya mwaka juzi na nyingine ya wiki iliyopita hazihesabiki. Kwa hiyo nenda upele ukiwa umewaka. Oga kama kawaida, ila asubuhi hiyo usipake poda, maana poda inaficha wekundu na daktari ataandika alichokiona. Ukiwa ndani, usingoje aulize. Uinue mkunjo mwenyewe, uonyeshe chini kabisa pale ngozi inapogusana na ngozi, kisha mwombe aandike. Kuna madaktari wanaoandika "mgonjwa analalamikia muwasho" na kugeuza ukurasa. Sentensi hiyo haisaidii kitu. Inayosaidia inasomeka hivi: "Wekundu na majimaji chini ya mkunjo wa tumbo pande zote mbili, mpasuko mdogo upande wa kulia, harufu ipo. Fangasi ya mikunjo. Klotrimazoli ya kupaka mara mbili kwa siku wiki 4, sehemu iwekwe kavu, arudi." Halafu urudi kweli. Ziara ya pili ndiyo watu wanaiacha, kwa sababu krimu imefanya kazi. Itafanya kazi, ndiyo, halafu upele utarudi joto likizidi, na huko kurudi ndiko bima inataka kukuona kwenye karatasi. Ukiwahi kupata kidonda kilichohitaji antibayotiki, au maambukizi ya ngozi yaliyoingia ndani mpaka ukapata homa, hakikisha nayo yako humo. (Na fangasi inayorudi kila mara, omba upimwe sukari, hata kama huna mpango wowote wa upasuaji.)

Picha nazo zina taratibu zake. Za kujipiga kwenye kioo cha bafuni, mwanga umemulika kioo na simu imeziba nusu ya tumbo, sizipeleki. Simama wima, mikono pembeni, bila nguo inayobana mkunjo: moja ya mbele, moja ya kila upande. Kisha nyingine mkunjo ukiwa umeinuliwa ili upele uonekane. Watu wengi huvuta tumbo ndani bila kujijua wakiona kamera. Liache lining'inie.

Kuna wanaoniambia, "Lakini bima yenyewe ndiyo iliyolipia upasuaji wa kunipunguza uzito, ngozi si ni mwendelezo wake?" Kwa mantiki nakubaliana nao kabisa. Ngozi ile ni tokeo la tiba waliyoilipia wenyewe. Ila mkataba hauandikwi kwa mantiki ya mgonjwa, na matibabu haya mawili yako kwenye vifungu tofauti vyenye masharti tofauti. Wengine hutoa mfano wa titi. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1998 inaibana bima inayolipia kuondolewa titi ilipie na kulijenga upya. Mfano ni mzuri, ila unathibitisha kinyume cha wanachotaka: titi linalipiwa kwa sababu kuna sheria iliyolitaja, na ngozi ya aliyepungua haikutajwa humo.

Linalofuata linaleta machozi baada ya upasuaji, kwa hiyo nalisema mapema. Bima ikikubali, kwa kawaida inakubali panikulektomi. Watu wanasikia abdominoplasti. Panikulektomi inakata ule mkunjo unaoning'inia na kushona, mwisho wa habari. Misuli ya tumbo iliyoachana haikazwi, kiuno hakichongwi, ngozi ya juu ya kitovu inabaki ilivyo, na kitovu chenyewe mara nyingi hakihamishwi. Abdominoplasti ndiyo inayofanya hayo, na misuli iliyoachana karibu kila bima inaiita urembo. Unaweza kuamka huna mkunjo, huna fangasi, unatembea vizuri, na bado tumbo la juu limejaa kama lilivyokuwa. Huko ni kufanikiwa kwa upasuaji ulioombewa. Ukitaka na hayo mengine, uliza kabla kama mpasuaji anaweza kuyafanya siku hiyohiyo ukilipia tofauti mwenyewe. Wengi wanakubali. Omba bei kwa maandishi ikionyesha nani analipia muda upi wa chumba cha upasuaji na wa dawa ya usingizi, maana ugomvi wa baadaye huanzia hapo.

Mikono, mapaja, matiti, makalio? Masharti yanafanana na ya tumbo, ushindi ni mgumu zaidi. Mapaja yanayochubuana mpaka yakatoa vidonda yanaweza kupita kwa ushahidi mzito. Mikono karibu kila mara inaitwa urembo. Usiyaweke yote kwenye ombi moja ukidhani watakuhurumia angalau kwa kimoja. Ombi la namna hiyo linasomeka kama la urembo kuanzia mstari wa kwanza.

Maumivu ya mgongo: yaandike, lakini usiyategemee. Bima nyingi zinasema waziwazi kwamba kuondoa mkunjo hakutambuliwi kuwa tiba ya mgongo. Ngiri nayo inalipiwa kivyake. Kuwa na ngiri hakuifanyi ngozi iliyo juu yake ilipiwe, hata ukieleza kwamba ngozi ikitolewa ngiri haitarudi.

Huzuni, aibu, ndoa iliyoyumba, kuogopa kuvua nguo mbele ya mwenzio. Sipendi kuyasema haya kwa ufupi, kwa sababu ndiyo yanayowaleta wengi kuliko upele wenyewe. Lakini peke yake hayatoi idhini, na barua inayoanza nayo ukurasa mzima humfanya mkaguzi aandike "urembo" kabla hajafika kwenye fangasi. Yawe mwishoni mwa barua, sentensi mbili.

Mazoezi na mafuta ya kukaza ngozi: hapana. Mazoezi yanajenga msuli ulio chini. Nyuzi za ngozi zilizotanuliwa miaka mingi zimekatika, kama raba ya kiunoni iliyokwisha. Hakuna wa kuirudisha kwa kupaka kitu. Okoa pesa zako.

Kuna pia wanaotaka ngozi itolewe kwanza ili wapate moyo wa kuendelea kupungua. Kinyume chake ndicho kinachotakiwa. Bima nyingi zinataka uzito uwe umetulia angalau miezi 6, na kama ulifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, zinataka uwe umepita miezi 18 tangu siku hiyo. Wanaotumia sindano za kupunguza uzito za semaglutide nao wanaulizwa hilohilo: je, mizani imetulia? Hapa niko upande wa bima, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Ukikatwa leo ukapungua kilo 15 zaidi, ngozi italegea upya, na ya pili hailipiwi. Tena mwili unaopungua kwa kasi hauna akiba ya kuponya jeraha refu kutoka nyonga hadi nyonga. Protini, madini ya chuma na vitamini B12 vinapimwa kabla, hasa kwa aliyepunguzwa tumbo la chakula. Upungufu wake ni mojawapo ya sababu za jeraha kuachia wiki mbili baada ya nyuzi kutolewa. Kwa hiyo pima uzito kliniki, siyo nyumbani, ili tarehe ziingie kwenye faili.

"Wamekataa, basi." Sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba barua ya kwanza ndiyo ya mwisho. Isome. Ndani yake kuna sababu, na mara nyingi ni ndogo: hakuna picha ya upande, matibabu yameandikwa wiki 9 badala ya 12, uzito wa Machi haumo. Rufaa inajibu sababu hiyo kwa hati, haijibu kwa hasira. Nimepokea rufaa za kurasa nne za kulaani kampuni ya bima, na ndani yake hamna hata mstari mmoja kuhusu picha iliyokosekana. Mpasuaji naye anaweza kuomba kuzungumza na daktari wa bima moja kwa moja. Mwambie aombe, kwa sababu wapasuaji wengi hawapendi simu hizo na hawatajitolea wenyewe. Angalia tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Iko kwenye barua, mara nyingi kwa herufi ndogo. Ikikataliwa tena, uliza kama kuna mapitio ya nje, yaani ya mtu asiyeajiriwa na kampuni hiyo.

Na wamekubali? Usisherehekee mapema. Idhini ya awali inasema upasuaji umeonekana wa lazima kwa masharti ya siku hiyo. Haimaanishi kila kitu kitalipwa. Mtoa dawa ya usingizi anaweza kuwa nje ya mtandao wa bima yako, yaani hana mkataba nayo, sehemu yako ya kuchangia iko palepale, na ukibadilisha kazi na bima kabla ya upasuaji unaanza upya. Tena idhini ina tarehe ya kuisha, na mara nyingi inaishia mikononi mwa wavutaji. Mpasuaji makini hakukati ukiwa na nikotini mwilini, kwa sababu inabana mishipa midogo ya damu na kingo za jeraha zinakufa. Atataka uwe umeacha angalau wiki 4, wengine 6, na anaweza kukupima. Plasta za nikotini, bablishi ya nikotini na sigara za umeme zote zinaonekana kwenye kipimo. Ukianza kuacha siku idhini inapotoka, umeshachelewa. Anza siku tunayotuma ombi.