"Ina pesa benki" ndo nini sasa?

Jamani, mtu akiniambia tena "hii kampuni ina mamilioni benki, haiwezi kufa" ntamuuliza swali moja tu: pesa za nani?

Mizania, yaani karatasi ya mali na madeni ya kampuni, ni hali ya siku moja, mwisho wa robo mwaka, na siku hiyo kujipamba ni rahisi, unachelewesha malipo ya wasambazaji wiki mbili, unawasukumia wenye maduka mzigo mapema, salio linapendeza. Wiki inayofuata limeondoka.

Kwenye elektroniki ndo balaa zaidi. Kampuni nyingi hazina kiwanda, zinaundiwa bidhaa kwa mkopo na kulipa miezi kadhaa baadaye. Mauzo yakipanda, mkopo huo unakua wenyewe, pesa inajaa, watu wanashangilia. Yakishuka, kibao kinageuka: unalipa bili za oda kubwa za zamani kwa makusanyo madogo ya leo, ndo maana pesa inaweza kuisha haraka kuliko hasara iliyoandikwa vitabuni, na hapa ndo huwa naambiwa natia chumvi. Haya, tuangalie kampuni mbili.

BlackBerry, waliokuwa waundaji wa simu, Septemba 2013: robo mwaka moja ilifuta vitabuni thamani ya stoku ya karibu dola milioni 934, hasa za simu za Z10 zilizokosa wanunuzi. Pigo kubwa. Lakini ilikuwa na dola bilioni 2.6 na haikuwa na mkopo, hakuna wa kuja kugonga mlango, ikapata muda wa kuhamia kwenye programu na 2016 ikaachana na kuunda simu yenyewe.

iRobot, wenye Roomba, ile roboti ya kufagia nyumba, walikuwa na pesa pia, zaidi ya dola milioni 130 mwisho wa 2024. Ila walishakopa dola milioni 200 kwa Carlyle, kampuni ya uwekezaji, 2023 wakisubiri Amazon iwanunue, Amazon ikajitoa Januari 2024, mkopo ukabaki. Machi 2025 wenyewe wakatangaza kuna shaka kama wataendelea kuwepo, Desemba wakaenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wanaowadai, na mpango ukawa kampuni ichukuliwe na Picea, kiwanda kilichokuwa kinawaundia mashine na kinawadai. Kwa hiyo pesa zilikuwa za nani?

Faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya bidhaa? Muhimu, ila hiyo kila mtu anaiangalia.

Stoku ndo inaninyima usingizi, maana thamani yake inakadiriwa na mameneja walewale walioagiza mzigo. Mkaguzi anauliza maswali, sawa, ila naye anategemea makadirio yao ya mauzo. Na stoku ikipanda kabla ya msimu wa sikukuu, mimi nje huku siwezi kutofautisha maandalizi na mzigo uliokwama. Nahesabu siku za stoku, yaani mzigo uliopo utachukua siku ngapi kuisha, nalinganisha na mwaka jana, na bado nusu yake ni kubahatisha.

So ukinitumia skrinshoti ya pesa taslimu, weka na ukurasa wa mikopo, wenye tarehe za kulipa na kiwango cha chini cha pesa anachotaka mkopeshaji. Bila huo sijibu.